Siku Ambayo Bwana Kosa Hakuwa Akifundisha

Wasikilizaji wapendwa, fungeni hilo bomba linalotiririka, mwambieni mtoto aache kugonga sufuria, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu.

Alifundisha ufamasia, kazi ya dawa. Alifundisha kwenye chuo kikuu cha binafsi, kile cha waombaji kibao na wanaopokelewa wachache. Chuo ambacho hata mlinzi wa getini anakuangalia kama anakusahihishia mtihani. Nilipofika pale na maikrofoni yangu, alinitazama juu mpaka chini, nikajiona nimefeli kabla sijasema shikamoo.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyu Bwana Kosa. Jina alilijua, na alilipenda. Akibisha hodi ofisini kwa mtu, akiulizwa nani, anajibu: "Kosa. Nimekuja mwenyewe, msinitafute."

Sababu ya jina ni hii. Kila kipindi aliandika kosa moja ubaoni. Kwa makusudi, wasikilizaji, narudia, kwa makusudi. Dozi ya mtu mzima anampa mtoto mchanga. Nukta ya desimali anaisogeza mbele, dawa inageuka sumu. Kisha anaendelea na somo, uso mkavu, kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye foleni na hataki ugomvi. Mwishoni anageuka, anakunja mikono, anasema neno moja: "Niambieni." Hatoki mtu mpaka kosa lipatikane.

Mkewe ni mshonaji wa nguo. Nilimkuta sebuleni kwake, cherehani imefunikwa kitambaa, akanieleza. "Mume wangu alikuwa anasema, daktari anachoka, anaandika vibaya. Nesi ana wagonjwa wengi, anasoma vibaya. Mtu wa mwisho kabla dawa haijaingia mdomoni ni mfamasia. Sasa mfamasia akiona aibu kumwambia daktari umekosea, si bora kwenye dirisha la dawa akae paka?"

Na wanafunzi wale, wapendwa, walikuwa na aibu hiyo. Ni watoto waliokuwa wa kwanza tangu chekechea. Hawajawahi kukosea, na hawajawahi kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Siku ya kwanza walinakili kosa lote, kwa mwandiko mzuri, wakalipigia mstari kwa rula. Bwana Kosa akasema niambieni. Kimya. Saa ya chakula ikapita. Hatimaye binti mmoja wa kiti cha mbele akanyoosha mkono.

"Samahani sana mwalimu, labda ni macho yangu..."

"Macho yako hayana shida, mwanangu. Mwenye shida ni huyo mtoto wa ubaoni. Ameshakufa, na mmemwandikia vizuri sana."

Darasa likacheka. Kuanzia hapo wakabadilika. Mikono ikawa inaruka kabla hajamaliza kuandika. Binti yule wa mbele aliniambia alipokwenda mazoezini hospitalini alimrudishia daktari bingwa karatasi yake ya dawa. Daktari akafoka, akasoma, akairekebisha. Kuna mgonjwa anatembea leo, na hajui.

Lakini wazazi wakalalamika. Mkuu wa idara akamwita Bwana Kosa. Binti alikuwa mlangoni anasubiri kusainiwa fomu ya mazoezi, akasikia yote.

"Mzee wangu, wazazi wanasema hawakuleta watoto hapa wafundishwe uongo."

"Uongo watakutana nao kazini, mkuu. Hapa wanajifunza kuukamata."

"Mimi nakuelewa. Ila mkataba wako unaisha muhula huu. Atakuja mkaguzi wa ubora wa ufundishaji, akae nyuma, aangalie. Asiporidhika, somo nampa mwingine afundishe kwa slaidi."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani. Siyo kazi tu. Umri wa kustaafu ulikuwa unamkodolea macho, kazi angeiacha. Alichoogopa ni wale watoto kurudi kwenye ule ukimya wa siku ya kwanza.

Asubuhi ya ukaguzi aliamka kichwa kinamgonga. Mkewe akamwambia, "Baba, leo pumzika, nitawapigia simu."

"Leo? Mama, leo hata kichwa kikibaki hapa mezani, kiwiliwili kitakwenda."

Akaenda.

Ukumbi ulijaa. Mkaguzi alikaa nyuma, kishikwambi mapajani. Bwana Kosa akaanza vizuri, anatania, anaandika. Katikati ya hesabu ya dozi akaandika tarakimu isiyohusika. Mikono ikaruka. Akaandika nyingine, juu ya ile ya kwanza. Mikono ikaongezeka. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanong'ona, "Leo Kosa amepania, anamwonyesha mkaguzi." Wakacheka. Kalamu ya ubao ikamdondoka. Akaiokota kwa mkono wa kushoto, na yeye siyo wa kushoto. Wakadhani nayo imo kwenye somo. Mwandiko ukateremka, ukatoka ubaoni, ukaingia ukutani. Wakapiga makofi.

Akageuka. Mdomo umekwenda upande. Akasema, kwa ulimi mzito, "Niambieni."

Wakamwambia. Kwa zamu, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na kosa lake. Mkaguzi akawa anaandika. Mpaka mwalimu alipoteleza kando ya meza na kukaa sakafuni, ndipo mtu akapiga kelele.

Kilikuwa kiharusi. Narudia, wasikilizaji, kiharusi. Mbele ya chumba kizima cha watu wanaosomea dawa ya kiharusi. Alifariki hospitalini kabla mkewe hajafika.

Msibani mkaguzi alikwenda kwa mjane, akashindwa kukaa. Akasema amesimama: "Mama, nilimpa alama za juu kabisa. Niliandika kwamba darasa linashiriki."

Mjane alimgeukia yule binti, akauliza mumewe alisema nini mwisho.

"Alisema niambieni."

"Mkamwambia nini?"

"Tukamwambia nukta haiko mahali pake."

Mama yule akamvuta binti kifuani, akamshikilia. Mimi nilikuwa nimezima maikrofoni. Nawasimulia kwa ruhusa yao wote wawili.

Mkuu wa idara ametangaza kwamba hakutakuwa tena na makosa ya makusudi darasani. Wanafunzi hawakupinga. Mwalimu mpya amekuja na slaidi zake, nzuri, zina rangi. Wiki iliyopita moja ilikuwa na dozi ya mtoto isiyo sahihi. Hii haikuwa ya makusudi. Mwalimu hakuiona. Binti aliiona.

"Nikatazama wenzangu," aliniambia, "nao wameiona. Najua wameiona. Tukainakili. Kaka, mkono wangu uligoma kuinuka."

Kwa mama mshonaji, kwa watoto na ndugu wote wa marehemu, kituo hiki kinawapa pole, na mimi nawapa yangu kando, maana hii ya kituo naona haitoshi. Nanyi mnaonisikiliza, leo mtazameni usoni yule mliyemzoea. Yule wa vituko vyake vya kila siku. Muulizeni kama ni mzima, hata akiwacheka.

Na wewe binti wa kiti cha mbele, najua uko bwenini na redio imewashwa, maana uliniahidi. Ile dozi bado iko kwenye madaftari yenu nyote. Kesho mna kipindi. Huo mkono ukigoma tena, mdogo wangu, usiungoje. Simama.