Komeo, Beki Aliyekataa Kuomba Radhi

Kamati ya mazishi ilituomba wasifu huu usizidi ukurasa mmoja, na yale mambo ya kituo cha televisheni yaguswe juu juu tu. Familia ilikaa, ikasikiliza, ikashukuru, ikakataa. Marehemu hakuwa mtu wa juu juu. Anayesoma ni binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu, na kila neno lililomo humu mjane amelisikia na kulikubali.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho upande wa karakana. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshonaji wa sare za shule. Alitoka tumboni akiwa ametanguliza mguu. Mama yake alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa uchungu, yeye akiisimulia kwa majigambo.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, lakini mwaka wa pili cheche ziliharibu jicho la baba yake, naye akaacha shule akaingia karakana. Jambo hilo lilikuja kumfuata ukubwani, na waliolitumia kumchapa wengine wapo hapa leo, tunawasalimu. Mwaka 2005, akiwa na miaka arobaini na minne, alijiandikisha masomo ya watu wazima, na Novemba 2007 akafanya mtihani wa sekondari katika chumba kimoja na vijana waliomwomba saini kabla ya karatasi kugawiwa. Alifaulu. Hesabu alipata alama ya kuponea chupuchupu, na mwalimu anayesoma hapa bado hajamsamehe.

Mpira alianza kuuchezea timu ya reli mwaka 1978. Mwaka 1981 alichukuliwa na klabu kubwa ya mjini, akacheza beki wa kushoto misimu kumi na moja, minne kati ya hiyo akiwa nahodha. Jina la Komeo alipewa na winga wa timu pinzani aliyetolewa kipindi cha pili akilalamika kwa kocha wake: "Nimesukuma, nimegonga, nimeita hodi. Yule mtu kafunga kwa ndani." Tarehe 22 Agosti 1992 goti la kulia lilivunjika na akatolewa uwanjani kwa machela. Hakucheza tena.

Mkewe alimpata kwa majeraha. Alikuwa muuguzi wa zamu katika zahanati iliyo jirani na uwanja, na mwaka 1983 alimshona kipaji cha uso mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

"Hivi huo mpira hauna namna ya kupita chini?" akamuuliza mara ya tatu.

"Chini wanapita mawinga, dada."

"Basi na wewe jifunze kupita chini, uzi unatuishia."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu. Muuguzi yule hakuwahi kuupenda mpira hata siku moja. Hilo lilikuja kumfaa sana mumewe.

Mwaka 2002 kituo cha televisheni kilimwita kuchambua mechi. Tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe aliusema: mwaka wa kwanza alikuwa hovyo. Alivaa koti la kuazima, akarudia kwamba mpira una dakika tisini na kwamba timu zote mbili zimejitahidi. Mhariri wa vipindi, mama mmoja asiye na subira, alimvuta pembeni kwenye korido.

"Kaka, goli tumeliona wote. Wewe sema tusichokiona, ama sivyo nimrudishe mtangazaji aliyekuwepo. Yeye angalau alikuwa na sauti nzuri."

Alirudi nyumbani amenuna. Kesho yake mchana, mkewe akipiga pasi, alimwaga vibanio vya nguo mezani, akavipanga safu ya mabeki wanne, akaanza kumweleza kwa nini beki wa kushoto alipanda na kwa nini hakuwahi kurudi. Mkewe alisikiliza, akaweka pasi chini, akasema, "Kumbe kosa si la huyu wa kushoto. Ni la huyu wa katikati aliyelala." Tangu hapo, hakuna maelezo yaliyokwenda hewani bila kupita kwanza kwenye meza ile. Kama muuguzi asiyependa mpira ameelewa, nchi nzima itaelewa.

Sasa tunafika pale tulipoombwa tusifike.

Jumapili, tarehe 15 Juni 2008, ilichezwa fainali. Dakika ya themanini na nane, shuti la mbali, wala si la kutisha, lilimpita golikipa kijana aliyeitwa Sumaku. Mpira haujarudishwa katikati, tayari watu walikuwa wamehukumu: ameuza mechi. Studioni alikuwepo mwandishi kijana mwenye kompyuta, ambaye wenzake walimwita Profesa. Akasoma kwamba mashuti ya aina ile Sumaku huyaokoa tisa katika kumi. Mtangazaji akageuka.

"Komeo, wewe umecheza. Kauza au hajauza?"

"Nirudishie picha, sekunde nne kabla ya shuti."

"Tunakwenda matangazo."

"Matangazo yatasubiri."

Picha ikarudishwa. Marehemu aliinuka na goti lake bovu, akaenda hadi kwenye skrini, akaweka kidole si kwenye mikono ya kipa bali shingoni.

"Mikono iacheni. Tazameni shingo. Beki wake wa kati amesimama mbele yake kama kabati. Kijana anachungulia kulia, mpira unatokea kushoto. Aliyeuza mechi hanyooshi shingo hivi, maana hana haja ya kuona. Mimi nimecheza mbele ya makipa miaka kumi na moja, na mara mbili kabati lilikuwa mimi."

Tatizo ni kwamba beki huyo wa kati alikuwa nahodha na kipenzi cha viongozi wa klabu. Simu zikapigwa. Siku ya pili mhariri wa vipindi alimwita ofisini, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza akamkaribisha kiti.

"Kaka, wakubwa wanataka Jumatano uombe radhi. Maneno mawili tu, maisha yaendelee."

"Nimwombe nani?"

"Nahodha. Wanasema umemdhalilisha."

"Nimesema kasimama vibaya. Kusimama vibaya si dhambi, dada, hata mimi nimesimama vibaya nikazomewa. Kuuza mechi ndiyo dhambi, na hiyo mmemtwisha mtoto wa watu. Nikikosea nitaomba radhi kwa magoti yote mawili, hata hili bovu. Hapa sijakosea."

"Watakutoa."

"Mara ya kwanza nilitolewa kwa machela. Safari hii nitatoka kwa miguu."

Tarehe 18 Juni alitolewa. Gazeti moja liliandika kwamba wachezaji wa zamani warudi kufundisha watoto viwanjani na studio waachiwe waliosoma. Aliikata makala ile, akaibandika mlangoni mwa jokofu, na kila asubuhi aliisoma akisubiri chai. Miezi kumi na minne alifanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari, huku wateja wakimuuliza mambo ya mpira kabla ya kuuliza bei ya spaki plagi.

Sumaku alikuwa amefungiwa kucheza hadi uchunguzi uishe. Alikuja nyumbani kwetu mchana mmoja, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgonjwa anayesubiri majibu. Alisema mama yake haendi tena sokoni kwa aibu. Marehemu hakumpa maneno matamu. Alimwambia, "Futa uso. Twende kwenye hiyo kamati ya uchunguzi, ukaeleze ulichokiona, na mimi nikaeleze usichokiona." Walikwenda mara tatu. Mara ya tatu alimwaga vibanio vya nguo mbele ya wazee watatu wenye tai, akawaita mmoja mmoja wainame, jicho usawa wa meza, wachungulie pale kipa aliposimama. Wa mwisho kuinama akasema kwa sauti ndogo, "Haonekani. Mpira hauonekani." Tarehe 3 Agosti 2009 kijana alisafishwa jina. Alidaka misimu sita zaidi. Leo yumo miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kituo kilipomwita tena, marehemu alitoa sharti moja: Profesa akae kiti cha pembeni yake. Watu walishangaa, lakini yeye hakuwahi kudai kwamba kucheza peke yake kunamtosha mtu kuongea. Mshambuliaji mmoja wa zamani alipojaza kipindi kizima kwa hadithi za enzi zao, alimkatiza hewani: "Ndugu yangu, enzi zetu nazo tulifungwa." Alichodai ni kwamba zipo sekunde nne uwanjani ambazo hazimo kwenye takwimu, na aliyewahi kuogopa ndani ya sekunde hizo anaweza kumtambua mwingine anayeogopa. Profesa alizoea kusema, "Mimi nina namba, mzee ana magoti." Kwa miaka kumi walibishana kila wiki, na nchi ikajifunza kutazama mpira kabla ya kutukana.

Mwaka 2018 alianza kuchanganya majina. Alimwita mchezaji wa leo kwa jina la baba yake aliyecheza zamani, kisha akasahau matokeo ya mechi aliyoitazama saa moja kabla. Vipande vya video vilisambazwa kwenye simu, vikichekwa. Daktari alieleza kwamba ubongo unadhoofika, na kwamba huenda miaka ya kupiga mpira kwa kichwa ina mchango wake. Mkewe, aliyemshona kichwa hicho, alitoka nje ya chumba cha daktari. Familia ilimshauri ajiuzulu kimya kimya. Jumamosi, tarehe 11 Mei 2019, alisema mwenyewe mbele ya kamera:

"Nimeanza kusahau. Wanaocheka wacheke leo, kesho sitawakumbuka. Kabla sijasahau na hili: makocha wa watoto, acheni kuwapigisha mipira ya vichwa. Vichwa hivyo vina kazi nyingine."

Alilirudia hilo katika kila kipindi hadi Desemba, akaaga. Vituo kadhaa vya mafunzo ya watoto viliacha zoezi hilo. Visivyoacha tunavijua.

Mwaka wa mwisho alimsahau binti yake, huyu anayewasomea. Alimwita dada, kisha nesi, kisha hakumwita kitu. Alasiri moja ya Julai mwaka huu walikuwa wameketi mbele ya televisheni bila sauti, ghafla akamshika bega akamsukuma kidogo. "Ingia ndani," akasema. "Ingia ndani, wanapita." Binti alitazama skrini, hakuona chochote. Sekunde chache baadaye mpira ulipita palepale, kati ya beki wa kushoto na wa kati, na likawa goli. Marehemu aliguna, kama mtu ambaye hakusikilizwa.

Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Gazeti lile lile limeandika kwamba ameaga dunia mchezaji wa zamani aliyewahi kuonekana kwenye televisheni. Hakuonekana tu. Alikuwa mchambuzi, na hiyo ilikuwa kazi yake kwa miaka kumi na saba. Tumeiandika hivyo kwenye msalaba, na fundi amelipwa kuchonga herufi za kina.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, kaka mmoja, golikipa mmoja na Profesa mmoja ambaye tangu juzi hana wa kubishana naye.

Yeye apumzike kwa amani. Ubishi ametuachia sisi.