Bugali Haiingie ku Parc

Pale mtaani Vulamba, mbele ya duka lililouza misumari mpaka likafa, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali, na ubao huo una wenyewe. Bilali huleta birika lake la kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na kabla halijapoa, mambo ya dunia yote yameshakatwa shauri. Anayeketi kushoto ni Sadrack, wanamwita Douane, kwa sababu alimaliza miaka ishirini kwenye mpaka wa Kasindi akipekua mizigo ya watu. Katikati ni Melchior, Diacre, shemasi asiyeweza kuomba sukari bila kutaja Biblia. Kulia ni Kasonia, fundi mbao, na jina lake la ubaoni lilikuwa linamuuma: Promesse, yaani Ahadi. Likizo mbili mfululizo aliahidi kupeleka familia Beni, kwenye bustani mpya ya michezo yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, na likizo mbili mfululizo watoto wakaishia kucheza na maranda. Asubuhi hiyo alifika mbio, akapiga tiketi nne juu ya ubao hata vikombe vikaruka.

— Leo mutanibadilishia jina! Yumamosi tunaenda. Mi, muke yangu mama Hadassa, na batoto yote mbili. Transport iko. Kulala, iko kwa yaya yake, dada yake mukubwa, kule Beu, mule mule Beni. Tiketi ile pale!

Bilali akammiminia kikombe cha bure, jambo ambalo Diacre aliliita muujiza.

— Mais kuko neno moja, Kasonia akasema, na kifua kikarudi mahali pake. Ku mulango baliandika: «Chakula ya inje haiingie». Na mule ndani, sahani moja ya viazi ya fritte na mupaja ya kuku, ile bei inanunua mufuko ya viazi kule Masereka. Nikibalisha batoto, hatuna feza ya kurudia nyumbani. Kama hapana, batalia njaa mbele ya batu.

Alijua maana yake. Angerudi nyumbani na kumwambia mkewe Mariette, huyo mama Hadassa, kwa mara ya tatu, "likizo ijayo". Afadhali ang'olewe jino.

Douane akaweka kikombe chini polepole. Kazi ilikuwa imemwita.

— Miaka makumi mbili batu banapitisha bintu mbele yangu! Sikia. Sombe, ile mboga ya muhogo, inaingia mu thermos. Sentinelle ya mulango akifungua, unasema njo chai ya majani.

— Sombe njo majani kweli, Bilali akasema.

— Voilà! Haiko ata uongo.

— Na bugali? Kasonia akauliza.

— Bugali, mama Hadassa anaibeba ku mugongo, mu kikwembe. Anaivalisha kofia ya mutoto. Iko ya moto, iko ya muviringo, inatulia. Mutoto muzuri, haliake ata kidogo! Kidole kimoja hakivunje chawa, ndugu yangu.

— Chawa inaingia wapi mule? Diacre akauliza.

— Ku kofia.

— Na sentinelle akiuliza jina ya mutoto?

— Zorobabel, Bilali akajibu, kama vile alikuwa ameshampeleka kuandikishwa.

Ubao ukatikisika kwa vicheko. Kasonia alicheka mpaka machozi, na tumaini likaanza kumpanda. Diacre peke yake alikuwa amekunja uso.

— Hapana. Mi shemasi, siwezi kukubali kubatiza bugali. Mufanye jeûne, mufunge kula! Famille nzima mu maombi. Daniel alilala na simba, na hakuna kitu ilikuliwa.

— Simba njo hazikukula, muzee, Bilali akasema. Sisi tunajua kufunga, lakini wallahi, na ile jua ya Beni! Mi niko na njia. Ile roue ya kupandisha batu inapitaka juu ya ukuta, si vile? Basi yaya ya Mariette anasimama inje na muti murefu, sambusa ku ncha. Kila muzunguko, mutoto anakamata sambusa moja.

— Na muchuzi?

— Muchuzi inaomba roue ya polepole. Haraka haraka haina baraka.

Douane akainua mkono.

— Muache michezo. Promesse, weye muzee muzima, ku parc unaenda kufanya nini? Uzisha tiketi yako! Ile feza inatoa fritte ya batu tatu, na Fanta juu. Weye unabaki inje, unakula bugali yako na amani.

Ubao ukalipuka. Kasonia akaruka juu. Ilikuwa wapi akili hii siku zote?

— Mi nainunua! Diacre akapiga kelele, akitoa noti katikati ya Biblia.

— Na mi naongeza! Douane akajibu.

— Naongeza mara mbili! Mi sijaona Beni kutoka juu tangu nizaliwe!

Diacre akashinda, tiketi ikaingia kwenye Biblia. Kasonia alipiga makofi pamoja na wengine, ingawa moyo wake ulisinyaa kidogo. Ukweli ni kwamba na yeye alikuwa ameliota lile gurudumu. Lakini baba ni baba.

Ndipo Mariette akatokea, kikapu kitupu mkononi, akielekea sokoni. Nywele alikuwa ameshasuka kwa ajili ya Jumamosi.

— Mama Hadassa! Problème imeisha! Diacre amenunua tiketi yangu. Batoto batakula fritte!

Mariette akaangalia noti, akaangalia Biblia.

— Ile roue, batu banaketi mbili mbili?

— Mbili mbili.

— Hadassa na Jephté bataketi pamoja.

— Oui.

— Basi mi, kule juu, nikiogopa, nitashika mukono ya nani?

Douane akachunguza viatu vyake. Bilali akachungulia ndani ya birika. Macho yote yakaenda kwenye mkono wa Diacre, na Diacre akaufunika chini ya koti mbio. Mwishowe aliitoa tiketi kwa vidole viwili, akaiweka mkononi mwa Kasonia, naye Kasonia akamrudishia noti yake bila kumtazama.

— Na batoto batakula nini? Kasonia akauliza kwa sauti ndogo.

— Bugali. Asubui kwa yaya, mbele ya kutoka, mpaka bashibe. Magaribi tukirudi, bugali tena. Katikati banacheza. Mutoto wa kucheza anakumbukaka njaa?

Bilali akageuza birika. Halikutoa hata tone. Kasonia akaweka tiketi nne mfukoni, akachukua kikapu mkononi mwa mke wake, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye ubao ule, wakashika njia ya soko.

— Promesse! Douane akaita nyuma yao. Promesse!

Kasonia hakugeuka.

— Ule Promesse njo nani? akamuuliza mke wake.