Nahodha Aliyeikosa Milio Mitano

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyekuja kumsindikiza leo ni nahodha wa kivuko, ambaye wengi mlimwita Mzee Honi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi saa, akamaliza sekondari Novemba 1969, akaingia chuo cha mabaharia Januari iliyofuata, akapewa unahodha tarehe 2 Mei 1984. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na muuguzi wa zahanati ya bandarini, wakajaliwa binti mmoja, huyu anayewasomea, ambaye kabla ya kujua kuhesabu vizuri alijua kwamba mlio mmoja mfupi wa honi ni "nageukia kulia", miwili ni "kushoto", mitatu ni "narudisha mashine nyuma", na mitano ya harakaharaka ni "sikuelewi, unataka kutuua?"

Tarehe 21 Juni 1999, asubuhi kweupe, alikata kushoto mbele ya meli ya mizigo, ikampigia mitano, akaendelea tu, mpaka mshika usukani akamkamata mkono: "Nahodha, husikii?" Alirudisha mashine nyuma, wakapishana na kifo kwa upana wa chumba, na abiria mia moja themanini wakashuka wakiulizana bei ya viazi. Mshika usukani alimwambia, "Yaishie hapa hapa, mkubwa wangu," lakini yeye aliandika kwenye daftari la safari, "Sikusikia. Kosa ni langu," akakabidhi kofia siku hiyohiyo.

Alifika nyumbani, akaketi kitandani na viatu vyake, akasema, "Mke wangu, miaka miwili nakuitikia bila kukusikia." Mama alilia hadi jioni.

Mjukuu alipozaliwa mwaka 2008 masikio ya baba yalikuwa yamekufa kabisa, akawa anamwekea mtoto kiganja kifuani kila anapolia, apate walau mtetemo.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2019, akafariki tarehe 6 Februari 2023, saa nne asubuhi. Mama alizungumza naye tangu kulipopambazuka, akijua fika hasikii, naye akakata roho amemgeuzia sikio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliompeleka hospitali mara tatu kwa wiki bila kunung'unika, na wenzake wa kivukoni, hasa mshika usukani, ambaye hakukosa kumjulia hali hata Jumapili moja.

Umechoka, baba. Lala kwa amani.