Mwalimu Felicitas na Mtihani Ulioliwa

Kamati ya mazishi imeniomba mimi, Fransis, mdogo wake marehemu, nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu Mwalimu Felicitas Albano alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 huko Ndanda, Masasi, mtoto wa kwanza wa mzee Albano na mama Benedicta. Alisoma Ndanda, kisha akaenda chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1965 katika somo la sayansi kimu. Baba alimtania: “Mama yako anapika vizuri tu, na chuo hajakanyaga.” Dada akamjibu, “Mama anapika, baba, lakini nani anamlipa?” Baba alicheka mpaka chai ikampalia.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na shemeji yetu Theonest, fundi seremala wa Keko, ambaye baadaye alimtengenezea meza zote za darasa lake. Walijaliwa watoto wawili.

Kuanzia 1974 alifundisha katika sekondari moja hapa Temeke. Sitaitaja, maana wenyewe wamekaa mstari wa mbele. Aliwafundisha wasichana upishi, ushonaji na lishe, akiwaambia kila siku kwamba wanajifunza kazi ya kuajiriwa, siyo kumngoja mume.

Mwezi Oktoba 1991, kidato cha nne walikuwa na mtihani wa vitendo. Wanafunzi kumi na mmoja walipika, wakapanga sahani mezani, kila moja na namba ya mtahiniwa, wakamsubiri mtahini aje kuonja. Siku hiyohiyo bodi ya shule ilikuwa na kikao, na wageni walikuwa na njaa. Mkuu wa shule akaagiza sahani zile zipelekwe ofisini. Mtahini alipofika alionyeshwa miiba ya samaki. Dada alimfuata mkuu wa shule mbele ya wageni wake.

“Mwalimu, hicho ni chakula tu. Si wapike kingine?”

“Muda wao umekwisha, mkuu. Nyie mmekula mtihani wa watoto.”

Wote kumi na mmoja waliandikiwa sifuri. Dada alipoandika barua ya malalamiko, alijibiwa kwa vitendo: mwaka 1992 somo likafutwa, na chumba chake kikakodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Tukaambiwa nyakati zimebadilika, ni soko huria. Dada alipewa vipindi vya Kiswahili, somo ambalo hakusomea. Hasira yangu haijapoa, na sioni kwa nini ipoe.

Kwa miaka miwili alikwenda wizarani, akirudishwa kesho na keshokutwa, huku jioni akiwafundisha wasichana wale kwenye baraza lake la Keko. Mwaka 1993 waliruhusiwa kurudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Tisa walifaulu. Chausiku leo ni mpishi mkuu wa hoteli. Munira ana wodi nzima ya wagonjwa anaowapangia chakula.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 1994. Daktari alimwambia apumzike, naye akasema atapumzika somo likirudi. Halikurudi. Alifariki tarehe 17 Juni 1997, saa nne asubuhi, Chausiku akiwa amemshika mkono.

Jana mjumbe kutoka shuleni alinijia msibani. “Braza, wale wanafunzi wa marehemu si wapishi? Waambie waingie jikoni, wageni wa shule watakuwa wengi.” Leo hii wanafunzi wale wameketi na familia, na ndio watakaobeba jeneza. Wageni wa shule wakisikia njaa, sufuria ziko nyuma ya nyumba na kuni zipo.

Marehemu ameacha mume, Theonest; watoto, Filomena na Severin; wajukuu watatu; mimi mdogo wake; na wasichana kumi na mmoja. Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo sisi tulimnyima.