Pomboo wa Kantabog Walioandikwa Kuwa Hawapo

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009. Asubuhi hii ukungu ulitanda kwenye mlango wa mto, kisha jua likauondoa.

Mgeni rasmi, Bi. Honorata Villaruz, Mkurugenzi wa Uvuvi wa Mkoa, Padre wetu, na majirani:

KARIBU
Sisi wachambua kaa wa Kantabog, wanawake thelathini na mmoja tunaotoa nyama ya kaa magambani, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Utusamehe harufu ya mikono yetu.

TULIKOTOKA
Mama zetu walipochemsha kaa ufukweni, pomboo wenye vichwa vya mviringo walipita karibu, wakitema maji kama watoto wanaooga. Tukiwa wasichana tuliwahesabu hadi kumi na tisa. Ee Mungu, siku zile! Lakini tukiwa majini hatuwataji wala kuwaangalia mbele ya mgeni. Wazee walisema ukiwataja, wanahama.

KOSA LETU
Miaka minane iliyopita walikuja watafiti. Tukiwa nao ndani ya mashua, binti mmoja wao alimwuliza Mzee Crispulo, mume wa mwenyekiti wetu, "Baba, hapa pomboo wapo?"

"Pomboo? Hapa kuna kaa na umbea tu, mwanangu."

Tukacheka. Nyuma ya mgongo wa binti, wawili waliibuka wakazama. Hatukugeuza shingo. Ikaandikwa: hawapo. Kwa neno hilo, ukisaini kibali, mwezi ujao mashine zitachimba mlango wa mto ili meli kubwa zipite.

TULICHOFANYA
Tulipojua kuandika, katika darasa la jioni la parokia, tulifungua daftari: tarehe, saa, idadi, na picha kumi na moja. Ni miaka mitatu sasa. Wamebaki sita. Wa saba alikufa Januari ndani ya wavu wetu wenyewe. Mwenzetu Mama Leonila alisema, "Jamani, hilo msiandike, tutajifunga!" Mwenzetu mwingine, Engracia, akamjibu, "Kwani Mungu hajui kusoma?" Tukaliandika.

OMBI
Hatuombi jengo. Tunaomba uandike: wapo. Kesho baada ya misa mashua itakuwa tayari. Njoo uwaone kabla hujasaini kibali.

Mungu akupe macho ya huruma na safari njema. Ni sisi, Wachambua Kaa wa Kantabog.

Na kabla hatujaketi, tunasema kwa sauti moja, waume zetu wakiwa wamesimama nasi, Padre na ninyi nyote mkiwa mashahidi: kuanzia leo hatutatega wavu kwenye mlango wa mto, hata kaa wakipungua, hata jibu lako likiwa hapana.