Jamleck Ndung'u na Kifuniko cha Saba

Marehemu Jamleck Ndung'u Kariuki alizaliwa Longonot tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Kariuki wa reli na Mama Wachuka, wote marehemu. Alisoma shule ya msingi papo hapo Longonot hadi 1976. Masomo hayakumkaa kichwani, tusidanganyane mbele ya jeneza lake. Lakini mfereji wa shule uliovuja miaka miwili aliutengeneza wakati wa mapumziko, na mwalimu mkuu akamtafutia nafasi ya kujifunza ufundi wa mabomba Nakuru.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Wangechi. Alifika kanisani na matope kwenye soksi, kwa sababu bomba lilikuwa limepasuka mtaani Rhonda, Nakuru, asubuhi hiyo, na Jamleck hakujua kumwambia mtu "njoo kesho". Wangechi alimsamehe siku hiyo, na nyingine nyingi. Walijaliwa Sue na Levis.

Mwaka wa 2015 aliajiriwa kaskazini mwa Baringo, kwenye mradi wa kuchimba mvuke wa kuzalisha umeme. Mkopo ulitoka Ujerumani, mitambo na wahandisi Japani, na mvuke ni wetu. Uchimbaji huo unahitaji maji mengi, basi bomba likalazwa kutoka ziwani hadi mlimani, likipita vijiji saba ambako akina mama walitembea nusu siku kutafuta maji. Kwenye ramani hapakuwa na mfereji hata mmoja. Jamleck, kiongozi wa mafundi, aliweka kiungo cha ziada cha kutolea maji katika kila kijiji, akakiziba kwa kifuniko cha chuma, akanyamaza.

Mhandisi Moriyama alipogundua, aliuliza mbele ya mafundi na wahandisi wageni wote ni nani aliyetoa amri hiyo. Kila fundi alijua atakayejibu atafutwa. Jamleck alisimama.

"Ni mimi, boss. Haivuji, kagua tu. Mkisema no, itakaa hivyo imefungwa. Mkisema yes, hakuna haja ya kuchimba tena."

Moriyama alikagua viungo vyote saba kwa mkono wake. Alimwandikia Jamleck barua ya onyo, kisha akawapelekea wafadhili ramani mpya. Barua hiyo imetundikwa sebuleni kwetu hadi leo, ndani ya fremu.

Vibali vya kufungua maji vilikuja polepole. Kufikia 2023 vifuniko sita vilikuwa vimetolewa. Kilibaki cha Kaptuiya, kijijini kwa Mama Jelagat, aliyewapikia mafundi chai. Jamleck alikuwa amemwahidi, "Mathe, hii yako nitaifungua mwenyewe."

Juni 2024 alipatikana na saratani ya koo. Kibali cha Kaptuiya kilipotoka Januari, hakuweza kuinuka kitandani. Sue, aliyerithi ufundi wake, alijitolea kwenda.

"Ngoja kidogo," babake alimwambia. "Nikipata nguvu tutaenda wote."

Nguvu hazikuja. Alituacha tarehe 2 Februari 2025, hospitalini Nakuru, akiwa na miaka 63. Inatuuma sana.

Ameacha mjane wake Wangechi, watoto Sue na Levis, na wajukuu wanne.

Juzi Sue alichukua spana ya babake akaenda Kaptuiya. Leo asubuhi Mama Jelagat amefika hapa nyumbani Sachangwan na mtungi wa maji ya mfereji wa kijiji chake, na ndiyo tuliyokorogea saruji ya kaburi hili.

Pumzika kwa amani, fundi. Cha saba kimefunguliwa, na hakivuji.