Nyanya Zilizongoja Kalvati

Wapendwa wa chama, mmeniomba nisimame hapa tangu mvua zile, nami nimekuwa nikikwepa. Haya maneno nimeyaandika, nikafuta, nikaandika tena. Ndivyo nilivyo. Nikikosea, msicheke sana.

Mnajua nilijifunza kilimo cha nyanya kwenye simu. Nikamshawishi mama shamba letu lote lisipandwe mahindi. Majirani wakamuuliza kama nimerogwa. Boma la Tongaren bila mahindi? Lakini mama aliniamini, na nyanya zikakubali. Nilikagua kila mche, kila jani. Mnunuzi wa Kitale alizipenda, akasema atazipeleka soko la Bungoma.

Siku ya kuvuna, mvua ikawa imebomoa kalvati iliyopitisha kijito chini ya barabara pale chini. Lori likasimama ng'ambo, mimi huku na makreti yangu. Mnunuzi akanipigia simu na tunaonana kwa macho.

"Dada, nyanya ni safi," akasema, "lakini lori langu haliogelei."

Akageuza, akaenda kununua kwa wakulima wa kando ya lami, Misikhu.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kujihisi mdogo hivyo. Wadudu ningewapulizia dawa. Ukame ningemwagilia. Kalvati ningeifanya nini? Mahindi yangekaa ghalani mpaka njia ikauke, lakini nyanya hazikai. Nilienda ofisi ya barabara, nikaambiwa ningoje. Nikarudi kijitoni, nikawa natoa zilizolainika na kupangusa zilizobaki, kana kwamba zikimeta barabara itapona. Mama alileta chai, akaiweka chini, akarudi nyumbani. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Ndipo mama mwenyekiti wetu akapita, akiwa na mtungi wake wa maji. Akaniuliza nangoja nini. Nikasema, kalvati.

"Mwanangu, juzi si tulivusha jeneza hapa?"

Kweli. Matanga yakiwa ng'ambo, tunajipanga ndani ya maji, tunapokezana viti, sufuria, hema, hata marehemu mwenyewe. Nilikuwa kwenye mstari huo. Haikunijia kwamba na sisi tulio hai tunaweza kuvushiwa mizigo.

"Ama hizi nyanya ni nzito kuliko marehemu? Pigia huyo mtu wa lori."

Mkaja, mmefunga leso viunoni, tukapokezana makreti mpaka kwenye lori lililorudi. Wengine hata hatukuwa tukisalimiana vizuri. Siwezi kuwadanganya, nyanya nyingi zilikuwa zimeshaoza. Zilizovuka zilifika Bungoma, na mama akapata mahindi ya kula, ya kununua, sisi watu wa Tongaren tuliozoea kuyalima.

Baadaye kalvati mpya iliwekwa. Sasa lori linafika langoni, pikipiki ya maziwa inapita kila asubuhi, na wale waliosema nimerogwa wanapanda vitunguu.

Asanteni kwa kuingia majini. Asante mama, kwa ile chai. Nilichojifunza ni kwamba bidii yangu inaishia kwenye ua wangu. Kutoka hapo nahitaji barabara, na barabara ikikatika nahitaji watu. Nilidhani nikifanya kila kitu bila kasoro nitakuwa salama. Si kweli. Wewe unayehangaika kimya, ita watu nyanya zikiwa bado ngumu.

Naona wingu limefunga upande wa mlima. Mnisamehe nisipokaa kwa chai. Ikianza kunyesha huwa naenda kusimama pale kuiangalia kalvati, ingawa sina la kuifanyia.